Kumwuguza Mwenzi Asiyepona: Maswali ya Nyumbani na Kazi ya Kamati za Parokia



Karibu kila parokia ya Musoma, Bunda na Butiama ina daftari la wagonjwa wa kutembelewa. Ndani yake huandikwa jina la mgonjwa, kigango chake na tarehe ya mwisho aliyotembelewa. Jina ambalo kwa kawaida haliandikwi ni la yule anayemwogesha, anayemgeuza kitandani saa nane za usiku na anayehangaikia nauli ya kwenda Mwanza. Mara nyingi huyo ni mke wake au mume wake. Katika toleo hili tumeona vema tumzungumzie huyo ambaye jina lake halimo katika daftari, hasa pale ambapo ugonjwa ni wa kutopona na wote wawili wanajua, au wanashuku, mwisho wake.

Anayemwuguza mwenzi wake hubeba swali: kwa nini sisi, na kwa nini sasa? Tumezoea kulichukua swali hilo kama jambo la moyoni, la kumwachia padre au mchungaji. Hata hivyo, jibu ambalo mtu huyo analifikia ndilo linaloamua ng'ombe wauzwe au wabaki, mgonjwa apelekwe wapi, aambiwe nini, apewe dawa ya maumivu au anyimwe, na baada ya mazishi nani atanyooshewa kidole. Kwa sababu hiyo tunaamini kwamba kamati za parokia zinahusika moja kwa moja.

UGONJWA ULIOBADILIKA

Wale mliohudumu katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 mnakumbuka hali ilivyokuwa, hasa katika vijiji vya mwambao na kwenye mialo ya wavuvi. Mke alimwuguza mume akijua kwamba naye ana virusi, na kwamba zamu yake inakuja bila mtu wa kumwuguza yeye. Makanisa mengi nchini yaliunda vikundi vya huduma za nyumbani, na watu wa kujitolea walitembea na mkoba wenye glovu, pamba, sabuni na vidonge vya kutuliza maumivu. Serikali ilianza kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi bila malipo mwaka 2004. Leo mwenye virusi anayemeza dawa zake kwa uaminifu huishi miaka mingi, huzaa na kulea.

Vitanda, hata hivyo, havikubaki vitupu. Siku hizi mnakuta saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Mnakuta saratani ya umio, yaani njia ya chakula, ambayo ni nyingi katika ukanda wetu wa Afrika Mashariki, na mgonjwa wake hufa huku akitamani kijiko kimoja cha uji. Mnakuta tezi dume, ini, figo, moyo na kiharusi. Wagonjwa wengi hufika hospitali ugonjwa umekwishakwenda mbali. Kutoka Musoma hadi Hospitali ya Bugando mjini Mwanza ni zaidi ya kilomita 200, na Taasisi ya Saratani ya Ocean Road iliyoko Dar es Salaam iko mbali zaidi ya kilomita 1,000. Baada ya safari mbili tatu, familia hurudi nyumbani na karatasi isiyoisoma vizuri na maneno ya daktari kwamba mgonjwa akapumzike. Kinachofuata ni miezi, pengine mwaka, ndani ya chumba kimoja.

MAJIBU YANAYOTOLEWA

Ndani ya chumba hicho majibu hayakosekani. Wageni huja nayo.

La kwanza ni mapenzi ya Mungu. Jibu hili linasemwa na wengi kwa imani ya kweli, na kuna wanandoa ambao limewapa utulivu mkubwa. Lakini tuangalie ni nani anayelitamka. Mke mwenyewe akifika mahali pa kusema hivyo baada ya miezi sita ya kuuguza, amelilipia. Mgeni anayekaa dakika kumi na kulisema akiwa mlangoni, mkono mmoja umeshika mwavuli, amemnyima mwenye nyumba nafasi ya kulia. Kibaya zaidi ni yule anayesema kwamba imani ya mgonjwa ni ndogo, la sivyo angekuwa amekwisha kupona. Maneno hayo humfanya anayeuguza kuhesabu dhambi zake na za mwenzake wakati anapopaswa kuhesabu vidonge.

Jibu la pili ni mkono wa mtu. Watu wetu, wawe Wazanaki, Wajita, Wakurya, Waikizu au Wajaluo, hutofautisha ugonjwa wa Mungu na ugonjwa wa kutupiwa. Wajaluo wana pia neno chira, yaani mnyauko unaompata mtu au nyumba kwa sababu ya kuvunja mwiko. Haitoshi kuliita jambo hili ujinga na kupita. Maelezo ya namna hii yanampa anayeuguza kitu ambacho daktari hakumpa, yaani sababu iliyo na sura, na kitu cha kufanya kesho asubuhi. Shida ni gharama yake. Mbuzi huondoka, kisha ndama, kisha ng'ombe wa mahari ya binti. Shemeji au mke mwenza hutajwa kwa jina. Mgonjwa husafirishwa usiku kwa bodaboda wakati hata kugeuzwa kitandani kunamuuma. Na mume akifa, kidole alichokuwa amenyooshewa jirani kinaweza kumgeukia mjane mwenyewe.

Tukumbuke mwaka 2011. Katika kijiji cha Samunge, Loliondo, mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, aliyejulikana kama Babu, alikuwa akigawa kikombe cha dawa ya mti kwa shilingi 500. Maelfu walikwenda kutoka pande zote za nchi, Kanda ya Ziwa ikiwemo, na hata kutoka nchi jirani. Foleni ya magari ilifika kilomita nyingi, na wapo wagonjwa waliofia njiani. Waliopanda magari yale na wenzi wao waliokuwa mahututi hawakuwa wajinga wote. Wengi walikuwa wamekwisha kusikia kutoka hospitali kwamba hakuna zaidi la kufanya, na katika mila na desturi zetu kuketi bila kufanya lolote wakati mwenzako anakufa ni sawa na kumtupa. Walikwenda ili siku ya mazishi waweze kusimama mbele ya wakwe na kusema kwamba hawakubakiza kitu.

Hapa ndipo tunapoomba kamati zifikiri kwa makini. Kama upendo umepimwa kwa kilomita na kwa idadi ya mifugo iliyouzwa, basi anayeuguza atasafiri na kuuza hadi mwisho. Anahitaji kuonyeshwa kazi nyingine ambayo nayo ni upendo, inayoonekana kwa ukoo, na isiyomaliza chakula cha watoto.

NANI ALIYELETA?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, na ndilo linalovunja ndoa katika wiki zake za mwisho. Saratani ya mlango wa kizazi mara nyingi huanza kujionyesha kwa damu baada ya tendo la ndoa na kwa majimaji yenye harufu. Mume hushuku uzinzi. Mke, akisikia kwenye semina kwamba ugonjwa unatokana na kirusi kinachoambukizwa kwa kujamiiana, humshuku mume. Wanauguzana huku kila mmoja akiwa na hukumu kichwani.

Ukweli wa kitabibu unafaa kujulikana na kila mwanakamati. Karibu saratani zote za mlango wa kizazi husababishwa na kirusi cha papiloma, kwa kifupi HPV. Kirusi hiki ni cha kawaida mno, kiasi kwamba watu wengi waliowahi kujamiiana hukipata wakati fulani wa maisha yao, na wengi mwili hukiondoa wenyewe bila wao kujua. Kwa wachache hubaki, na huchukua miaka 10, 20 au zaidi kabla ya kuwa saratani. Kwa hiyo mwanamke wa miaka 50 anayeugua leo huenda alikipata kabla hata mumewe wa sasa hajatoa mahari, na mume naye huenda alikuwa nacho bila kujua. Hakuna kipimo kinachoweza kusema nani alianza. Tumeona umuhimu wa kuyaeleza haya kwa wanandoa wakiwa wawili, pamoja, na mhudumu wa afya akiwepo, kwa sababu mmoja akiambiwa peke yake habari hiyo hugeuka silaha.

(Wenye mabinti wadogo wajue pia kwamba chanjo ya HPV imekuwa ikitolewa nchini tangu mwaka 2018. Si mada yetu leo, lakini ingekuwa kosa kuitaja saratani hii bila kuitaja chanjo.)

KUJUA NA KUTOJUA

Katika nyumba nyingi daktari humwambia ndugu mkubwa wa kiume, ndugu humwambia mke nusu, na mke hamwambii mgonjwa lolote. Mgonjwa kwa upande wake anajua, maana mwili ni wake, lakini hasemi ili asimvunje mke moyo. Hivyo watu wawili waliolala kitanda kimoja kwa miaka 30 wanaishi mwezi wao wa mwisho wakidanganyana kwa nia njema. Tunasikitika kuliona hili mara kwa mara, maana mambo ambayo wangeyasema, kuhusu watoto, madeni, shamba, hata kuombana msamaha, hayasemwi.

Wapo wanaosema kwamba kumwambia mtu ukweli ni kumwua kabla ya siku yake. Sisi wa Mara tuna mfano karibu. Mwalimu Julius Nyerere aligundulika kuwa na saratani ya damu mwaka 1998. Katika miezi iliyofuata hakuacha kazi yake ya upatanishi wa mgogoro wa Burundi, mazungumzo yaliyokuwa yakifanyika Arusha. Alifariki tarehe 14 Oktoba 1999 katika Hospitali ya St Thomas mjini London, na mkewe, Mama Maria, ambaye walifunga ndoa mwaka 1953 hapa Musoma, alikuwa huko pamoja naye. Tarehe 23 Oktoba alizikwa nyumbani, Butiama. Nyumba ile ilipata madaktari wa London, na bado mwisho ulikuwa kaburi la Butiama. Tunalitaja hili kwa ajili ya mke wa mvuvi au wa mkulima anayejilaumu kwamba kama angekuwa na fedha zaidi mumewe angepona. Yapo magonjwa ambayo fedha ingeyatibu, na kwa hayo tuendelee kudai huduma bila kuchoka. Lakini yapo pia yasiyosikia fedha, na mjane asibebeshwe deni ambalo si lake.

Kuambiwa ukweli kunataka hekima. Mgonjwa aulizwe kwanza anataka kujua kiasi gani, na nani awepo. Wapo watakaosema hawataki, na hao waheshimiwe. Wengi, wakiulizwa kwa upole, hujibu kwamba walikuwa wakisubiri tu mtu aanze.

HAKUNA MAANA NDANI YA MAUMIVU MAKALI

Mtu anayepiga kelele usiku kucha hawezi kutafakari kitu, wala mwenzi anayemsikiliza. Dk. Cicely Saunders wa Uingereza, aliyeanzisha hospisi ya St Christopher's mjini London mwaka 1967, alikuwa amefanya kazi kama muuguzi, kisha ofisa ustawi wa jamii, kisha daktari. Alifundisha kwamba maumivu ya anayekufa ni ya mwili, ya nafsi, ya mahusiano na ya roho kwa pamoja, na kwamba ukiliacha moja, mengine hayatulii. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa imani. Bado alianza na dawa.

Huduma hii hapa kwetu inaitwa tiba shufaa. Nchini Uganda ilishika mizizi pale Dk. Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, akitumia mofini ya maji ya kunywa, ambayo ni ya bei nafuu na mgonjwa anaweza kuinywa nyumbani. Tanzania, Hospitali ya Kilutheri ya Selian mkoani Arusha ilikuwa miongoni mwa waanzilishi, na Ocean Road kwa miaka mingi imekuwa kitovu cha dawa hiyo. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulizitaka nchi zote ziingize tiba shufaa katika mifumo yao ya afya. Kutoka azimio hadi zahanati ya kijijini bado ni mwendo mrefu.

Pamoja na uhaba, kizuizi kikubwa ndani ya nyumba zetu ni hofu. Wengi wanaamini kwamba mofini ni dawa ya kummalizia mgonjwa, au kwamba itamfanya teja. Mke huificha chupa kabatini na kuiweka akiba kwa siku ya mwisho, na mgonjwa huteseka miezi miwili karibu na dawa yake. Mofini ya kunywa ikitolewa kwa kipimo alichoandika mtaalamu haiharakishi kifo. Hunywewa kwa saa, kwa kawaida kila baada ya saa nne, bila kusubiri maumivu yarudi. Siku mbili tatu za mwanzo mgonjwa anaweza kulala sana, na mara nyingi anafidia tu usingizi aliokosa. Hufunga choo, kwa hiyo huambatana na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Mwanakamati anayejua haya machache anaweza kuokoa wiki nyingi za mateso.

Wapo pia waamini wanaodhani kwamba kukubali dawa ya maumivu ni kukataa msalaba. Kwa wasomaji wetu Wakatoliki tunakumbusha kwamba mwaka 1957 Papa Pius XII aliulizwa na madaktari juu ya jambo hili hili, akajibu kwamba ni halali kutuliza maumivu ya mgonjwa kwa dawa, hata pale ambapo dawa hiyo ingeweza kupunguza fahamu au urefu wa maisha, maadamu lengo ni kutuliza na hakuna njia nyingine. Kujitolea mateso ni hiari ya mgonjwa. Si jambo la kuamuliwa na jirani.

KAZI ZA MIKONO

Tuchukue mfano wa nyumba ambayo wengi wenu mmeiingia, katika kijiji cha Butiama au Bunda vijijini. Mke ana saratani ya mlango wa kizazi. Mabinti wakubwa wameolewa mbali, na wa mwisho yuko kidato cha pili. Kwa desturi mume hapaswi kumwogesha mke; hiyo ni kazi ya dada au ya binti. Basi binti huachishwa shule. Au mume, akikataa hilo, huchota maji, hufua vitambaa, husonga ugali na kumwogesha mkewe mwenyewe, na kijiweni husemwa kwamba amekaliwa, au kwamba amelishwa limbwata.

Mwanaume huyo anahitaji mambo mawili kutoka kwetu. La kwanza ni ujuzi. Hakuna aliyemfundisha kwamba mgonjwa asiyejigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya mgongo, kwamba mdomo mkavu husafishwa kwa maji safi yenye chumvi kidogo, au kwamba harufu ya kidonda cha saratani, ambayo humfukuza hata ndugu wa damu, hupungua sana kwa vidonge vya metronidazoli vilivyosagwa na kunyunyizwa juu ya kidonda kama mhudumu wa afya atakavyoelekeza. Harufu si jambo dogo. Mke anayejua kwamba ananuka hukataa wageni, hukataa sakramenti, na mwishoni humkataa mumewe ili kumwonea huruma. Harufu ikipungua, mlango hufunguliwa tena, na watu wawili wanaweza kukaa karibu.

La pili ni heshima. Wazee wanaume wa parokia wakienda kumtembelea mume huyo, wakamkuta na beseni mkononi, na wakaketi bila kucheka, kijiji kizima kitapata habari. Tunasema wazee wanaume kwa makusudi, kwa sababu mzigo wote wa kutembelea wagonjwa umekuwa ukiachiwa akina mama.

Watu hujiuliza kama kazi hizi zinaweza kuwa na maana yoyote zaidi ya uchovu. Kuna utafiti mmoja unaofaa kujulikana. Katika miaka ya 1990, Susan Folkman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, waliwafuatilia watu zaidi ya 200 waliokuwa wakiwauguza wenzi wao wenye UKIMWI, wakati dawa madhubuti zilikuwa bado. Walikuwa wakiwauliza mara kwa mara juu ya mambo magumu. Baada ya muda wauguzaji wenyewe walilalamika: mnatuuliza mizigo tu, hamtuulizi yanayotushikilia. Watafiti wakaongeza swali, kwamba watu hao wataje jambo moja lililowafurahisha au lililokuwa na maana kwao. Karibu wote walikuwa na la kutaja, na mengi yalikuwa madogo ya kawaida. Walikuwa na huzuni nyingi na furaha kwa wakati mmoja, na furaha hiyo iliwasaidia kustahimili.

Swali hilo halina gharama, na tunawashauri wanakamati walitumie. Badala ya kuingia na jibu, ulizeni: Tangu tulipoachana, kuna jambo gani limekupa nguvu? Mtu atasema mgonjwa alimeza uji wa ulezi nusu kikombe na ukakaa. Atasema mumewe, ambaye katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kusema asante, jana alisema. Maana nyingi tunazozisikia ni za namna hiyo. Ahadi ya madhabahuni ya shida na raha, afya na ugonjwa, ambayo siku ya harusi ilipita kama sehemu ya ibada, inakuja kueleweka kwenye beseni.

Tusitie chumvi hata hivyo. Wapo wenzi waliouguza kwa wajibu tu, watu waliopigwa au waliotelekezwa na huyo huyo anayelala kitandani leo. Mwanamke wa namna hii asilazimishwe kusema kwamba anaona baraka. Anachohitaji ni mtu wa kumpokea zamu ili alale. Kwa wafadhili wetu tungependa ieleweke kwamba msaada unaoombwa zaidi katika nyumba hizi ni mdogo: mpira wa kutandika kitandani, glovu, sabuni, nauli ya kufuata dawa, mahitaji ya shule ili binti asiache masomo, na mtu wa kukaa na mgonjwa siku moja kwa wiki wakati mwenzi wake anakwenda shambani, sokoni au kanisani. Vile vikundi vya huduma za nyumbani vya enzi ya UKIMWI, pale ambapo wanachama wake bado wapo, ndivyo vya kuanzia. Wanajua tayari kuingia katika chumba cha mgonjwa bila kuziba pua.

KABLA NA BAADA

Jambo moja humtafuna mke anayeuguza, na halisemwi mbele ya wageni: baada ya mazishi nitaishi wapi? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi. Lakini Tamko la Sheria za Kimila la mwaka 1963 halimpi mjane fungu katika mali ya mumewe pale wapo ndugu wa ukoo, likisema atunzwe na watoto wake. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake iliamua, katika shauri la wajane wawili wa Tanzania, kwamba sheria hizo za kimila zinawabagua wanawake. Mke anayejua kwamba shemeji anahesabu mabati ya nyumba huku yeye akimlisha mumewe hawezi kutulia, na ni vigumu kumtaka aone upendo wa Mungu katika hali hiyo.

Mume akiwa bado na akili timamu, anaweza kuandika wosia mbele ya mashahidi, wengine wa ukoo na wengine wasio wa ukoo, akitaja shamba, nyumba na mifugo. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wanaweza kuelekeza namna ya kuuandika ili usipingwe. Kamati inaweza kumleta mmoja wao nyumbani. Tumeona kwamba wanaume wengi, wakielezwa kwamba hilo ni tendo la mwisho la kumtunza mke anayewatunza, hukubali. Hapo ule uuguzaji unakuwa wa pande mbili.

Kisha mazishi hupita, watu wa matanga huondoka, na daftari la parokia huchorwa mstari juu ya jina la mgonjwa. Mwenzi aliyebaki bado ataamka saa nane za usiku kwa wiki kadhaa, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa saa ya dawa. Tunapendekeza jina lake liandikwe katika daftari siku hiyo hiyo, na atembelewe katika wiki ya tatu, wakati wageni wengine wote wamekwisha kwenda. Katika ziara hiyo muulizeni pia kama kuna mofini iliyobaki. Isimwagwe wala asipewe jirani anayeumwa meno. Irudishwe katika hospitali ilikotoka, ambako huandikwa katika rejista. Mwanakamati mmoja anaweza kumsindikiza.